Kuchagua Lenzi kwa Kigawa Miale cha Picha za Stereo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu kigawa miale cha vioo vinne, kile kinachofungwa mbele ya lenzi moja ili kamera moja ipige picha ya jicho la kushoto na ya jicho la kulia kwa wakati mmoja. Mitambo ya sinema inayotumia kamera mbili na kioo kinachopitisha nusu ya mwanga ina masharti yake tofauti na haizungumziwi hapa. Hesabu zote zinachukulia kihisi (sehemu ya kamera inayopokea picha) cha milimita 36 kwa 24, isipokuwa pale inapotajwa vinginevyo.

## Misingi

1. Kigawa miale hufanya nini hasa mbele ya lenzi?

Ndani yake mna vioo viwili vya kati vilivyokutana kwa ncha mbele ya lenzi, na vioo viwili vya nje vilivyo kando, kimoja kushoto na kingine kulia. Mwanga hugonga kioo cha nje, ukaruka hadi kioo cha kati, kisha ukaingia kwenye lenzi. Matokeo yake ni kwamba nusu ya kushoto ya picha inaona mandhari kana kwamba kamera imesogezwa kushoto, na nusu ya kulia kana kwamba imesogezwa kulia. Umbali kati ya vioo viwili vya nje katika vifaa vingi hukaribia ule wa kati ya macho ya mtu mzima, yaani takriban milimita 65. Kwa kuwa mwanga umeakisiwa mara mbili, maandishi hayageuki.

Kila nusu ni picha ya wima yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 24. Picha ya jicho la kushoto iko kushoto tayari, kwa hiyo unaweza kuitazama jozi hiyo katika stereoskopu, chombo kinachoonyesha kila jicho picha yake, bila kubadilisha pande. Charles Wheatstone alipoeleza stereoskopu yake mwaka 1838 alitumia vioo kupeleka picha mbili kwenye macho mawili. Kigawa miale kinatumia wazo lilelile kwa kinyume, kuzileta sura mbili kwenye lenzi moja.

2. Kwa nini nisifunge lenzi yoyote niliyo nayo?

Kwa sababu pembe ya vioo imekwisha kuamuliwa kiwandani. Lenzi ya mm 50 inatazama katikati ya kila nusu ya picha kwa pembe ya nyuzi 10 hivi kutoka kwenye mhimili wake, yaani mstari wa katikati ya lenzi, na kifaa kilichotengenezwa kwa lenzi hiyo kimepangwa kupinda mwanga kwa nyuzi hizo hizo, ili nusu zote mbili zitazame mbele. Ukibadilisha urefu wa fokasi (zile mm za lenzi), pembe ya lenzi inabadilika lakini ya vioo inabaki palepale. Yanayotokea baada ya hapo yameelezwa katika swali la 8 na la 9.

Lenzi ya kigawa miale basi haichaguliwi kwa sifa zinazoitambulisha lenzi nzuri katika upigaji picha wa kawaida. Wengi huanza kwa kuuliza ni lenzi gani yenye picha kali zaidi, ilhali la kwanza ni ipi inayolingana na vioo.

3. Nichague urefu gani wa fokasi kwa kamera yangu?

Vigawa miale vingi vya zamani, na vingi vya sasa vinavyoiga muundo huo, vilikusudiwa lenzi ya kawaida ya mm 50 kwenye filamu ya mm 35. Stereoly, kigawa miale cha kampuni ya Leitz cha miaka ya 1930, ilitengenezwa kwa lenzi ya mm 50 ya kamera za Leica. Kwa kifaa cha namna hiyo, zidisha upana wa kihisi chako kwa 1.4. Kihisi cha milimita 36 kinataka mm 50. Kihisi kidogo zaidi, cha aina ya APS-C, chenye upana wa milimita 23.6 kinataka takriban mm 33, kwa hiyo lenzi ya mm 35 inafaa vizuri; kile cha milimita 22.3 kinataka mm 31 hivi. Mfumo wa kamera wa Micro Four Thirds, ambao kihisi chake kina upana wa milimita 17.3, unataka mm 24, na lenzi za mm 25 za mfumo huo zinakidhi haja bila marekebisho.

Kosa kubwa linalorudiwa ni kufunga lenzi ya mm 50 kwenye kamera ya APS-C kwa sababu tu maelezo ya kifaa yametaja mm 50. Kwenye kihisi hicho lenzi hiyo ni ndefu, na tabia yake ni ile ya swali la 8.

4. Lenzi ya f/1.4 si itanipa picha bora kuliko ya f/2.8?

Hapana, na mara nyingi itakupa mbaya zaidi. Tundu kubwa, yaani lile la namba ndogo kama f/1.4, haliwezi kutumika na kigawa miale (swali la 5), hivyo unalipia mwanga ambao hutauruhusu uingie. Juu ya hayo, lenzi za f/1.4 huwa na kioo kikubwa cha mbele na mwili mzito, mambo mawili yanayokisogeza kifaa mbali na kuzifanya kingo za vioo zionekane. Lenzi ndogo ya f/1.8 au f/2.8, ile inayodharauliwa kwa kuwa ya bei ya chini, ndiyo inayokaa vizuri zaidi nyuma ya vioo.

## Ukanda wa katikati

5. Kwa nini katikati ya picha kuna ukanda wa ukungu ambamo sura mbili zinapandana?

Ncha ya vioo vya kati iko sentimita chache tu mbele ya lenzi, na haiwezi kuwa ndani ya fokasi wakati mandhari ya mbali imo. Kila sehemu ya tundu la lenzi inaiona ncha hiyo kwa pembe yake, kwa hiyo mpaka wa nusu mbili hauwi mstari bali unakuwa ukanda ambamo sura ya kushoto inafifia huku ya kulia ikijitokeza.

Upana wa ukanda huo hukadiriwa hivi: chukua urefu wa fokasi, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa namba ya tundu iliyozidishwa kwa umbali kutoka tundu hadi ncha ya vioo. Tundu linalohesabiwa ni lile linaloonekana ukiitazama lenzi kwa mbele. Kwa lenzi ya mm 50, ikiwa umbali huo ni milimita 60, ukanda una milimita 21 hivi kwa f/2, milimita 5.2 kwa f/8, na milimita 2.6 kwa f/16. Kwa f/2, zaidi ya nusu ya upana wa picha nzima imeharibika. Kwa f/16 kila nusu imepoteza milimita 1.3 tu, na hizo hukatwa bila majuto.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe wenye karatasi ya rangi iliyobandikwa upande mmoja, upige mfululizo kuanzia tundu kubwa hadi dogo. Mwanzoni ukingo wa karatasi unaenea kama kivuli hadi ndani ya nusu ya pili; kadiri tundu linavyofungwa, kivuli kinajikusanya katikati.

6. Basi nitumie tundu gani?

Kwa kihisi cha milimita 36, anza na f/11 na uende hadi f/16 mwanga ukiruhusu. Kwa APS-C, f/8 hadi f/11. Kwa Micro Four Thirds, f/8 inatosha, kwa kuwa lenzi ya mm 25 yenye f/8 na umbali uleule wa milimita 60 hutoa ukanda wa milimita 1.3, ambao ni chini ya asilimia 8 ya upana wa kihisi, wakati lenzi ya mm 50 kwenye kihisi kikubwa kwa f/8 hupoteza zaidi ya asilimia 14.

Usifunge tundu kupita hapo kwa tamaa ya mstari mkali. Mwanga unaopita kwenye tundu dogo mno hutawanyika na kuilainisha picha nzima, na kila nusu tayari ina nusu tu ya pikseli za kamera. Tundu dogo, hata hivyo, lina faida ya pili ambayo ungeitaka hata bila vioo: picha ya stereo hupendeza pale kila kitu, cha karibu na cha mbali, kinapokuwa kikali, kwa sababu macho ya mtazamaji hutembea ndani ya kina chote cha picha.

7. Je, umbo la lenzi yenyewe lina athari, hata kama urefu wa fokasi ni sahihi?

Lina athari, na hapa hakuna jibu moja linalowafaa wote. Lenzi nyembamba sana, ile bapa, ina tundu lililo karibu na kioo cha mbele. Kingo za nje za vioo hazionekani kirahisi, lakini ncha ya vioo iko karibu na tundu, hivyo ukanda wa katikati unapanuka. Lenzi ambayo tundu lake liko ndani zaidi hupunguza ukanda, lakini inahitaji vioo vikubwa zaidi, la sivyo pembe za picha zinakuwa nyeusi.

Kwa maoni yangu, afadhali ukanda mpana kidogo kuliko pembe nyeusi. Ukanda hupungua kwa kufunga tundu. Kioo kisichotosha hakiongezeki.

## Lenzi ndefu, lenzi pana na zumu

8. Naweza kutumia lenzi ndefu kwa ajili ya picha za watu?

Kwa kifaa cha vioo visivyorekebishika, hapana. Tuseme umefunga lenzi ya mm 85 kwenye vioo vya mm 50. Katikati ya kila nusu sasa iko nyuzi 6 kutoka kwenye mhimili, lakini vioo vinaendelea kupinda mwanga kwa nyuzi 10. Nusu ya kushoto inatazama kulia na ya kulia inatazama kushoto, na mielekeo yake inakatana takriban sentimita 45 mbele ya kamera. Kwa kitu cha mbali, sehemu inayoonekana katika nusu zote mbili ni chini ya theluthi ya kila nusu. Sehemu iliyobaki inaonwa na jicho moja tu, na huko hakuna stereo.

Ukanda wa katikati nao unakua upesi kwa sababu urefu wa fokasi unazidishwa kwa wenyewe: lenzi hiyo kwa f/8, hata ncha ya vioo ikiwa milimita 80 kutoka tundu, hutoa ukanda wa zaidi ya milimita 11.

Viko vifaa ambavyo vioo vyake vya nje huzungushwa kwa skrubu. Hivyo vinaweza kurekebisha mwelekeo, na kumbuka kwamba kukizungusha kioo kwa nyuzi 1 hubadilisha mwelekeo wa mwanga kwa nyuzi 2, kwa hiyo skrubu huguswa kidogo sana. Ukanda mpana, hata hivyo, hautibiwi na skrubu.

9. Na lenzi pana?

Lenzi pana ina nafuu kuliko ndefu. Lenzi ya mm 35 kwenye vioo vya mm 50 huona nje ya ukingo wa vioo, kwa hiyo pande za nje na pembe zinakuwa nyeusi, na hata pale ambapo vioo vinatosha, robo ya nje ya kila nusu haina mwenzake upande wa pili. Ukizikata sehemu hizo unabaki na picha inayokaribia ile ambayo mm 50 ingekupa, kwa pikseli chache zaidi. Inafaa kama ndiyo lenzi uliyo nayo. Haifai kununuliwa kwa kazi hii. Mpindo ulioelezwa katika swali la 11 nao unaongezeka.

10. Lenzi ya zumu iliyokuja na kamera inafaa?

Inafaa kwa majaribio, na ina ubora mmoja wa kweli: unaweza kuzungusha zumu huku ukitazama skrini mpaka weusi wa kingo utoweke, ukajua urefu wa fokasi ambao kifaa chako kinautaka. Ukishaupata, uandike, kisha tafuta lenzi ya urefu mmoja iliyo karibu nao. Zumu nyingi hizi hurefuka zinapozungushwa na huinama chini ya uzito wa vioo, na mpindo wa mistari hubadilika kwa kila urefu.

11. Kwa nini mistari ya mlalo hailingani kati ya nusu mbili, hasa pembeni?

Kila nusu ni kipande cha upande mmoja wa picha ya lenzi. Ukingo wake wa ndani uko kwenye mhimili, na wa nje uko nyuzi 20 mbali nao kwa lenzi ya mm 50. Huko nje vitu huchorwa virefu zaidi kwa takriban asilimia 6. Kitu kilicho kushoto mwa mandhari basi ni kirefu katika picha ya kushoto na kifupi katika picha ya kulia, na kilicho kulia ni kinyume chake. Katikati ya kimo cha picha huoni tatizo. Kwenye pembe za juu na chini macho yanalazimika kupanda na kushuka tofauti, na hapo ndipo kichwa huanza kuuma.

Kwa mm 35 tofauti hiyo hufikia asilimia 12, na kwa mm 85 ni asilimia 2 tu. Hii ndiyo hoja pekee inayoitetea lenzi ndefu, nayo haitoshi kufuta yale ya swali la 8. Mpindo wa aina hii hunyooshwa kwa programu. StereoPhoto Maker, ambayo ni ya bure, hukata nusu mbili, hulinganisha kimo chake na kurekebisha umbo la trapeza. Kazi yake huwa rahisi pale lenzi isipoongeza mpindo wake yenyewe, ndiyo maana lenzi ya urefu mmoja yenye kuchora mistari iliyonyooka inapewa kipaumbele.

## Kufunga na kulenga

12. Kipenyo cha hesi kina umuhimu gani?

Vifaa vingi hufungwa kwenye hesi ya filta, ile mikunjo ya skrubu iliyo mbele ya lenzi, na pete za kubadilishia kipenyo zipo kwa vipimo vya kawaida. Kupanda kutoka hesi ndogo ya lenzi kwenda kubwa ya kifaa hakuna shida. Kushuka kutoka lenzi yenye hesi ya milimita 77 kwenda kifaa cha milimita 52 ni dalili kwamba lenzi hiyo ni kubwa mno kwa vioo hivyo. Tumia pete moja, si tatu zilizopandana: kila pete inasogeza vioo mbele, na kila milimita inarudisha weusi kwenye pembe.

13. Lenzi yangu huzunguka mbele inapolengwa. Nifanyeje?

Itafute nyingine kama unaweza. Kifaa kikizunguka hata kidogo, nusu moja inapanda na nyingine inashuka, na mpaka wa katikati unalala upande. Kama huna budi, lenga kwanza, kisha nyoosha kifaa kwa kutazama mpaka wa katikati kwenye skrini, halafu usiguse tena pete ya fokasi. Kwa f/11 na kitu kilicho mita kadhaa mbele, huhitaji kulenga upya kila mara.

14. Fokasi ya otomatiki inahangaika. Je, lenzi ni mbovu?

Si mbovu. Nukta ya katikati inalenga kwenye ukanda ambamo sura mbili zimepandana, na kamera haijui ishike ipi. Hamisha nukta hadi katikati ya nusu moja, au lenga kwa mkono. Zingatia pia uzito: lenzi ambayo mota yake husukuma mwili wote wa mbele inabebeshwa kifaa ambacho haikukusudiwa kukibeba, ilhali lenzi inayolenga kwa kusogeza vipande vya kioo vilivyo ndani yake haisumbuki.

15. Naweza kuweka filta kati ya lenzi na vioo?

Unaweza, ikiwa filta ni nyembamba na lenzi yako bado ina nafasi pembeni. Filta ya kulinda kioo haina kazi hapo, kwani vioo vyenyewe vimeifunika lenzi. Iondoe.

16. Kidhibiti mtikisiko kiwashwe au kizimwe?

Kizime kamera ikiwa kwenye tripodi. Kidhibiti husogeza kihisi au kipande cha kioo kilicho ndani ya lenzi, na pamoja na picha husogea ule mpaka wa katikati. Katika picha moja si tatizo kubwa. Katika video mpaka unayumbayumba kushoto na kulia, na kukata nusu mbili kwa kipimo kimoja kunashindikana.

## Hali zisizo za kawaida

17. Kitu cha karibu kabisa kiwe umbali gani?

Kanuni inayojulikana inasema kitu cha karibu kiwe mara 30 ya umbali kati ya mitazamo miwili, yaani mita 2 kwa milimita 65. Kanuni hiyo ilizoeleka kwa kamera za stereo zenye lenzi pana zaidi. Kwa lenzi ya mm 50 na nusu yenye upana wa milimita 18, kitu kilicho mita 2 kutoka kwako, upeo wa mbali ukiwa nyuma yake, kinaleta tofauti ya nafasi ya milimita 1.6, sawa na sehemu moja ya 11 ya upana, ambayo ni nyingi mno kwa macho mengi. Sogea hadi mita 4 au 5 kama upeo wa mbali umo ndani ya picha. Kama nyuma kuna ukuta mita 4 kutoka kwako, mita 2 inakubalika, kwa kuwa tofauti inapungua hadi nusu.

18. Vipi picha za maua na wadudu?

Kigawa miale cha kawaida hakifai, haidhuru umefunga lenzi gani ya makro. Milimita 65 ni nyingi mno kwa kitu kilicho sentimita 30 mbele. Kwa kitu kisichosogea, piga picha mbili kwa kutelezesha kamera milimita chache kwenye reli.

19. Lenzi za zamani za kulenga kwa mkono zinafaa?

Zinafaa sana. Lenzi za mm 50 za f/1.8 au f/2 za kamera za filamu ni ndogo, zina hesi ya chuma, nyingi hazizunguki mbele, na pete ya tundu iko mkononi. Kwenye kihisi cha milimita 36, vifaa vingi vya zamani vilizikusudia lenzi hizo hizo. Kwenye APS-C rudi kwenye hesabu ya swali la 3.

20. Na simu?

Tundu la lenzi ya simu ni dogo sana kwa kipimo halisi, hivyo mpaka wa katikati unatoka mwembamba bila kufunga chochote. Tatizo ni upana: kamera kuu ya simu nyingi huona kama lenzi ya mm 24 hadi 28 kwenye kihisi kikubwa, na vioo vilivyokusudiwa mm 50 vitaonekana na kingo zake zote. Tumia kamera ya pili ya simu iliyo karibu na ukuzaji wa mara 2, na uhakikishe kwamba programu ya kamera hairudi yenyewe kwenye lenzi pana mwanga unapopungua. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kufunika lenzi pana kwa kidole: skrini ikiwa nyeusi, simu imekwisha kurudi kwenye lenzi pana.